Historia Fupi ya Regyuleta ya Mzamiaji, na Jinsi ya Kuichagua kwa Maji Marefu na Maji ya Baridi

Ndugu Mhariri aliponiomba makala ya historia kwa ajili ya toleo hili la mkutano wetu, nadhani alitarajia nieleze habari za bweni letu, au za ile mechi ya fainali ambayo kila mmoja wetu huisimulia kwa namna yake. Habari hizo wapo wenzangu wanaozikumbuka vizuri kuliko mimi. Mimi naomba ruhusa ya wasomaji nieleze historia ya kifaa kimoja kidogo, kinachotosha kushikwa kwa mikono miwili, ambacho siku moja nusura kiniue, na siku nyingine, kwa uzembe wangu mwenyewe, nusura kimwue mtu mwingine.

Kifaa hicho ni regyuleta. Wengi wetu tunayo jikoni, juu ya mtungi wa gesi ya kupikia. Ndani ya mtungi gesi imeshindiliwa kwa nguvu kubwa, na jiko linahitaji kidogo kidogo tu. Regyuleta husimama katikati kama bawabu. Ya mzamiaji ni ndugu yake, ila kazi yake ni ngumu zaidi, kwa sababu sharti impe mtu hewa kila avutapo pumzi, wala si hapo tu, bali impe kwa kanieneo sawa na ile ya maji yanayomzunguka. Juu ya maji tunabebwa na kanieneo ya hewa peke yake. Kila unaposhuka mita 10 huongezeka nyingine kama hiyo. Kwenye mita 40, basi, kifua kinabanwa mara tano, na hewa inayoingia mapafuni sharti iwe imeshindiliwa mara tano, ama sivyo kifua hakitapanuka hata kidogo.

Wale wa darasa langu watakumbuka kwamba mambo haya tulifundishwa Kidato cha Tatu kwa pampu ya baiskeli. Mwalimu wetu wa Fizikia alituamuru tuzibe tundu la pampu kwa kidole na kusukuma, tukaona jinsi inavyopata moto. Kisha akafungua vali ya gurudumu la baiskeli yake mwenyewe, hewa ikatoka kwa kishindo, akatuambia tuiguse ile vali. Ilikuwa baridi. Mwalimu alirudi nyumbani akiikokota baiskeli, maana pampu ilikuwa imekwisha kuvunjwa na mmoja wetu ambaye leo ni mtu mkubwa serikalini, nami simtaji. Niliandika katika daftari kwamba hewa ikishindiliwa hupata joto na ikitanuka hupoa, nikapata alama zangu, nikasahau.

Nilikumbushwa mwaka 2008, mwezi wa Februari, nikiwa mwanafunzi wa mambo ya uvuvi katika Chuo Kikuu cha Bergen, nchini Norway. Huko bahari huingia ndani ya nchi kwa mikono mirefu kati ya milima, na maji siku ile yalikuwa nyuzi 5 za sentigredi. Nilikuwa nimejifunza kuzamia miezi ya joto, na regyuleta niliyovaa nilikuwa nimeiazima. Ilikuwa nzuri sana pwani. Tulipofika mita 28 nilibonyeza kitufe cha kuingiza hewa katika suti na papo hapo nikavuta pumzi ndefu. Regyuleta ikaanza kufoka. Hewa ilinijaa mdomoni na kutoka pembeni kwa mapovu hata nisione mkono wangu. Mtungi wangu ulikuwa wa lita 12, umeshindiliwa baa 200 (baa hii ni kipimo cha kanieneo, si ile ya vinywaji), yaani ulibeba kama lita 2,400 za hewa ya kawaida. Mtu aliyetulia huvuta kiasi cha lita 20 kwa dakika akiwa juu, na kwenye mita 28 huvuta karibu mara nne ya hizo. Mimi nilikuwa nazimwaga mamia kwa mamia. Mwenzangu, binti wa Kinorwe mwenye umri mdogo kuliko wangu, alinishika mkanda, akanipa regyuleta yake ya akiba, akafunga mtungi wangu, tukapanda polepole kama kanuni inavyotaka. Tulipotoka hakusema neno la kulaumu. Alinipa chai.

Fundi wa ghala la vifaa, mzee aliyekaribia kustaafu, ndiye aliyenifungulia ile regyuleta mezani na kunieleza historia ninayotaka kuwaeleza ninyi. Mengine niliyasoma baadaye.

Mwanzo wake haukuwa baharini kabisa, bali katika machimbo ya makaa ya mawe kusini mwa Ufaransa. Injinia wa migodi aitwaye Benoît Rouquayrol, mzaliwa wa mji wa Espalion, alitaka chombo cha kuwawezesha waokoaji kuingia katika mashimo yaliyojaa hewa mbaya. Mwaka 1860 alipata hataza ya regyuleta yenye kiwambo, kama kile cha ngoma, ambacho mtu akivuta pumzi hubonyea na kufungua vali. Mwaka 1864 yeye na ofisa wa jeshi la wanamaji, Auguste Denayrouze, waliigeuza itumike majini. Jules Verne aliposimulia safari za manowari yake katika riwaya ya mwaka 1870 aliwavika mabaharia wake chombo hicho, ingawa aliongeza chumvi. Kosa halikuwa la regyuleta. Mitungi ya zama zile haikuweza kubeba hewa nyingi, kwa hiyo mzamiaji aghalabu alibaki amefungwa kwa mpira uliotoka kwenye pampu ya mashua. Wazo likalala kwa miaka karibu 80.

Liliamshwa na vita. Wajerumani walipoikalia Ufaransa petroli iliadimika, na magari yakawa yanaendeshwa kwa gesi. Injinia Émile Gagnan wa kampuni ya Air Liquide mjini Paris alikuwa ametengeneza regyuleta ya kulisha injini gesi hiyo. Mwezi Desemba 1942 alijiwa na ofisa wa wanamaji, Jacques-Yves Cousteau, aliyetaka kitu cha kulisha mapafu. Mwanafunzi wa leo na aizingatie hatua hii: kifaa kilichofungua bahari kwa binadamu kilitoka kwenye gari lililokosa mafuta.

Mwezi Januari 1943 walikijaribu katika mto Marne. Cousteau alipolala sawasawa kilifanya kazi vizuri. Aliposimama wima hewa ilimwagika ovyo, na alipogeuka kichwa chini miguu juu ikawa shida kuivuta. Walitafakari njiani wakirudi, wakaona kasoro. Tundu la kutolea pumzi lilikuwa mbali na kiwambo cha kuingizia, hivyo kila alipogeuka, moja lilikuwa katika maji marefu zaidi kuliko jingine, na ile tofauti ndogo ya kanieneo ilitosha kuvuruga kila kitu. Wakaviweka pamoja. Majira ya joto mwaka huohuo kifaa kilikuwa tayari kwa bahari, na Oktoba rafiki yao Frédéric Dumas alishuka nacho hadi mita 62. Mimi hupenda sana kisa cha Marne. Kinaonyesha kwamba regyuleta inayopumua vizuri mtu akiwa amelala katika kina kidogo haijajaribiwa bado.

Mwaka 1947 kina kikadai deni. Maurice Fargues, wa kundi la Cousteau, aliteremka kwa kamba akitaka kuvunja rekodi, akafika karibu mita 120. Alipopandishwa alikuwa amepoteza fahamu, kipande cha mdomoni kimemtoka, na hakuzinduka tena. Wenzake walisema ni ulevi wa naitrojeni, yaani ile hali ya hewa ya kawaida kumlevya mtu kama pombe inapovutwa katika kina kirefu, na hawakukosea. Lakini leo tunajua jambo la pili. Hewa iliyoshindiliwa ni nzito. Juu ya maji, lita moja ya hewa ina kiasi cha gramu 1.3, nayo kwenye mita 40 ina zaidi ya gramu 6. Mapafu hufanya kazi kama mtu anayevuta uji kwa mrija. Hewa ya ukaa haitoki yote mwilini, hujilimbikiza, huongeza ule ulevi, humtia mtu hofu na kumfanya ahemee zaidi. Wataalamu walioandika mwaka 2016 walishauri mzamiaji asipende kupita gramu 5.2 kwa lita, na asivuke 6.2. Kwa hewa ya kawaida hiyo ni mita 31, na mwisho kabisa mita 39. Kupita hapo sharti kuchanganya heliamu, ambayo ni nyepesi.

Kwa hiyo anayechagua regyuleta ya maji marefu ana maswali mawili, na regyuleta yenyewe hujibu moja tu. Hakuna chuma kilichosanifiwa vizuri kiasi cha kuifanya hewa nzito kuwa nyepesi. Kinachoweza kufanywa na chuma ni kutoongeza mzigo juu ya mzigo. Hapo ndipo linapoingia neno ambalo wauzaji hulitamka haraka haraka: regyuleta iliyosawazishwa na isiyosawazishwa. Katika isiyosawazishwa, ile kanieneo ya mtungi huisukuma vali moja kwa moja, hivyo mtungi ukipungua, nguvu ya regyuleta nayo hupungua na pumzi huwa nzito. Yaani inakunyima pale hasa unapokuwa umebakiwa na hewa kidogo. Iliyosawazishwa hupewa njia ya hewa kusukuma pande zote mbili za vali, mtungi ukijaa au ukipungua isijali. Dukani, juu ya meza, ukizijaribu zote mbili kwa mtungi uliojaa, hutaona tofauti.

Sasa nirudi kwenye baridi. Regyuleta ya Cousteau na Gagnan ilikuwa kitu kimoja kilichokaa mgongoni, na mipira miwili mipana ikizunguka hadi mdomoni. Mwaka 1952 Ted Eldred wa Melbourne, Australia, alianza kuuza aina yenye mpira mmoja mwembamba. Aliigawa kazi katika hatua mbili: ya kwanza juu ya mtungi, hupunguza kanieneo kubwa hadi ya kiasi, ya pili mdomoni, huipunguza tena hadi iwe ya kuvutwa. Ndiyo tunayotumia hadi leo karibu sote. Ilikuwa rahisi kutengeneza na nzuri kupumulia. Lakini ilileta hatua ya pili mbele ya mdomo, ambapo pumzi yenye unyevu hupita juu ya chuma kilichopozwa. Wale wa mipira miwili hawakuwa na shida hiyo kwa kiasi kile, na ndiyo sababu baadhi ya waliozamia chini ya barafu waliendelea kuitumia kwa miaka mingi baada ya wengine kuitupa.

Yaliyonipata Bergen, kama fundi alivyonionyesha kwa ncha ya bisibisi, ni haya. Hewa inaposhuka kutoka baa 200 hadi kama baa 10 katika tundu dogo la hatua ya kwanza, inapoa kwa makumi ya nyuzi. Joule na Thomson walilieleza jambo hili mwaka 1852, na mwalimu wetu alilionyesha kwa vali ya baiskeli. Pwani, maji ya nyuzi 27 hukirudishia chuma joto lake mara moja. Katika maji ya nyuzi 5 hakuna joto la kutosha kurudisha. Chuma hushuka chini ya sifuri, na maji yaliyokigusa huganda. Regyuleta niliyoazima ilikuwa ya pistoni iliyo wazi, ambayo springi na shina la pistoni huoga katika maji. Barafu ikashika springi, pistoni ikakwama ikiwa wazi, kanieneo ikapanda katika mpira, ikalazimisha vali ya mdomoni kufunguka. Hewa ikakimbia. Na kadiri inavyokimbia ndivyo inavyozidi kupoa, na kadiri inavyopoa ndivyo barafu inavyozidi kushika. Mimi niliyebonyeza suti na kuvuta pumzi kwa pamoja nilikuwa nimeiomba hewa mara mbili kwa wakati mmoja. Fundi alisema, kwa namna yao ya kusema maneno machache, kwamba angalau ilikwama wazi. Vali za hatua ya pili za namna hii zimeelekezwa makusudi ili zikiharibika zimpe mtu hewa nyingi mno badala ya kumnyima.

Watu wa kaskazini ndio waliolazimika kutafuta dawa. Huko Sweden, Ingvar Elfström alianza mwaka 1958 kuuza regyuleta ya Poseidon iitwayo Cyklon, iliyofikiriwa tangu mwanzo kwa maji ya kwao. Njia zilizopatikana katika miaka iliyofuata ni za aina chache. Kutumia kiwambo badala ya pistoni, ili sehemu zinazocheza zikae pakavu. Kuziba chumba cha springi kwa kiwambo cha pili, ndani yake mkiwa na mafuta, spiriti au hewa tu, ili maji yasukume lakini yasiingie. Kuongeza chuma na mapezi pale mpira unapoungana, ili joto la maji lipate mahali pa kuingilia. Na wako waliotengeneza pistoni inayovujisha hewa kidogo kidogo wakati wote ili maji yasipate nafasi. Hii ilitumika sana katika kituo cha McMurdo, Antaktika, ambako bahari ni nyuzi 1.8 chini ya sifuri na bado ni maji. Wanasayansi wanaozamia pale hufunga hatua za kwanza mbili katika mtungi mmoja, kila moja na vali yake ya kufungia, wala hawavuti pumzi katika regyuleta mpaka wawe wamekwisha ingia majini, maana hewa ya nje ni baridi kuliko bahari. Wanakubali kwamba siku moja mojawapo itaganda.

Ulaya ilikuja kuweka kipimo cha pamoja mwaka 1993, kiitwacho EN 250. Mashine hupumua badala ya mtu, lita 62.5 kwa dakika kwenye kina cha mita 50, na nguvu inayotumika hupimwa. Maji ya baridi, kwa mujibu wa kipimo hicho, ni yale yaliyo chini ya nyuzi 10. Regyuleta isiyopita jaribio la baridi hupigwa chapa ya kueleza kwamba itumike juu ya nyuzi 10 tu. Niliporudi ghalani nikaitazama ile niliyoazima. Chapa ilikuwepo. Sikuwa nimeisoma, wala aliyeniazima hakunionyesha.

Ningeweza kuishia hapo, nikaonekana mtu aliyejifunza. Lakini mwaka 2017 nilikuwa mjumbe wa kamati ya ununuzi katika idara ambayo sitaitaja, na miongoni mwa mengi tulikuwa na regyuleta sita za kununua. Zabuni ya chini kabisa ilikuwa ya pistoni isiyosawazishwa. Nilisema jambo, kwa sauti ndogo. Mjumbe mmoja mzee akajibu, "Bwana, bahari yetu ni ya joto, sisi hatuzamii barafuni." Watu wakacheka, nami nikacheka, nikatia sahihi. Maneno yake yalikuwa kweli tupu, ila hayakuhusu jambo lililokuwa mezani. Miezi kadhaa baadaye kijana wetu mmoja alikuwa kwenye mita 30 akifunga kamba, anafanya kazi ya nguvu, mtungi umebaki kama baa 50. Pumzi ikawa nzito. Akadhani hewa imekwisha, akakimbilia juu. Alipata maumivu makali ya bega na ganzi ya mkono, akapewa oksijeni, akapona. Nilipokwenda kumjulia hali aliniamkia kwa heshima kama kawaida, kisha akasema, "Bosi, ile mashine ilininyima." Hajazamia tena. Alidhani sijui.

Nakumbuka tarehe 29 Septemba 2019, gari lilipoteleza kutoka kivuko cha Likoni, Mombasa, mama na binti yake wakazama nalo. Kwa siku kadhaa tulifuata habari za wazamiaji wa Kenya na wale waliokuja kusaidia kutoka nje, na gari lilipotolewa tarehe 11 Oktoba lilikuwa katika kina cha karibu mita 58. Wengi walilalamika kwamba kazi ilikawia. Mimi nilikuwa nahesabu kwenye karatasi. Mita 58 ni kanieneo karibu mara saba, na hewa ya kawaida hapo imepita mbali ule mpaka wa gramu 6.2. Kuna mkondo, kuna giza. Bahari yetu ni ya joto, ni kweli.

Ununuzi uliofuata niliandika masharti mwenyewe, na safari hii nilisema kwa sauti. Iliyosawazishwa, hatua zote mbili. Ya kiwambo, chumba cha springi kimezibwa. Si kwa ajili ya barafu, bali kwa ajili ya tope la ziwa, mchanga na chumvi, ambavyo huila springi yetu polepole kama barafu inavyoishika ya Wanorwe ghafla. Nikaongeza sharti ambalo halimo katika vitabu vya Ulaya: vipuri vipatikane na awepo fundi nchini aliyefunzwa kuifungua. Kifaa kinachohitaji kusafirishwa nje kila mwaka kufanyiwa matengenezo, sisi tunajua kitatumika miaka mitano bila kufunguliwa. Bei ilikuwa karibu maradufu. Tulinunua tatu badala ya sita, na kuna aliyenung'unika, na ana haki.

Moja ya zile sita za zamani, iliyokwisha futwa katika daftari la mali, nimeiomba kwa barua, nikakubaliwa. Nimeikabidhi maabara ya Fizikia ya shule yetu, imefunguliwa na kupangwa juu ya ubao, kila sehemu na jina lake. Vijana wa Kidato cha Tatu wataona pistoni, springi, na lile tundu dogo ambamo baridi huzaliwa. Pembeni yake nimeweka pampu ya baiskeli, mpya. Naomba ile isivunjwe.